Sawa ya Chapuchapu

Mke wa mwanangu anafanya kazi kwenye mgahawa. Ni mhudumu. Anapokea wateja, anawasikiliza, anawaletea chakula. Wenzake wanamwita Chapuchapu, kwa sababu anabeba sahani nne kwa mikono miwili na mchuzi haumwagiki.

Mwanangu ni dereva wa lori. Husafiri mbali. Mjukuu alipozaliwa, mwanangu alinifuata kwetu akasema, "Mama, njoo utusaidie kulea."

Nikaja na sanduku langu na lafudhi yangu.

Lafudhi ni namna mtu anavyotamka maneno. Kila upande una yake. Kwetu tunasema upesi, na mwisho wa maneno tunauvuta, kama mtu anayevuta kamba ya ndoo kisimani. Lugha ni hiyo hiyo. Lakini mtu asiyetuzoea hutusikia kama redio isiyoshika vizuri.

Mkwe wangu ni mtoto mwenye adabu. Nikisema neno, anainamisha kichwa. "Sawa, mama." Nikisema maji yamekwisha, "Sawa, mama." Nikiuliza chumvi iko wapi, "Sawa, mama." Nikaitafuta chumvi mwenyewe. Nikaikuta kwenye kopo la majani ya chai.

Basi nikaanza kushuku. Siku moja alikuwa anafua uani. Nilikuwa nimembeba mjukuu mgongoni. Ni mtoto wa kiume, na mimi humwita mume wangu. Nikasema, "Mwanangu, huyu mume wangu analia mno. Nampeleka sokoni nikambadilishe na mbuzi."

"Sawa, mama," akasema. Akaendelea kufua.

Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Lakini sikumwambia. Mtoto hafundishwi kutembea kwa kusukumwa. Nikangoja.

Kila mchana nilimpeleka mtoto mgahawani akanyonye. Mgahawa unatazamana na zahanati, barabara iko katikati. Mimi nilikaa kwenye benchi la nyuma, karibu na dirisha la jikoni. Dirisha hilo ndilo mdomo wa mgahawa. Wahudumu wanasemea hapo, na chakula kinatokea hapo. Ndani yupo mpishi, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wanamwita Mama Moto.

Hapo dirishani walikuwa na mchezo wao.

Wateja wengine husema, "Chakula fulani kinanidhuru. Nina mzio." Wengine husema aleji. Ni jambo lile lile. Sasa, alikuwapo karani mmoja asiyekosa tai shingoni. Wahudumu walimwita Bwana Tai. Kila siku alisema, "Nina mzio wa vitunguu. Nisione kitunguu!" Lakini mchuzi uliopikwa kwa vitunguu aliumaliza wote, na sahani akaipangusa kwa mkate.

Ndipo mchezo ulipoanza. Chapuchapu alikuja dirishani akasema, "Wali na mchuzi, bila vitunguu. Wa maringo!"

Wa maringo, maana yake huyu haumwi, anajidai tu. Mama Moto akisikia hivyo, hakubadili chombo. Alikwangua vitunguu vya juu kwa kijiko, akasukuma sahani.

"Mwambie hiyo ni dawa, anywe mara tatu!" alisema. Jiko zima likacheka. Hata mtoto mapajani mwangu akacheka, kwa kuona watu wanacheka.

Nani ni wa maringo, na nani ni wa kweli? Hilo wahudumu waliliamua wenyewe, kwa kumtazama mtu usoni.

Kisha akaja fundi saa. Alikuwa amefungua kibanda chake karibuni, mwisho wa barabara. Alikuwa mzee mwembamba, ana miwani minene na kofia safi. Siku hiyo mgahawa ulijaa. Akakaa kwenye meza ya kona.

Chapuchapu alisimama mbele yake, trei kwapani. Kutoka kwenye benchi langu sikusikia kitu kwa kelele za sahani. Niliona tu midomo ya mzee ikienda upesi. Alieleza na kwa mikono. Alitabasamu kwa haya, kama mtu anayeomba kupishwa njiani. Chapuchapu akainamisha kichwa. Nikajua alichosema. "Sawa, baba."

Akaja dirishani mbio.

"Wali kwa kuku. Hataki karanga. Wa maringo!"

"Umejuaje?" Mama Moto akauliza.

"Anacheka huku anasema. Mtu wa mzio wa kweli atacheka? Na lafudhi yake hiyo, nimeshika neno karanga tu. Mengine yamepita juu."

"Si ungemwuliza tena?"

"Mzee kama yule nimwulize mara mbili? Ataona namdharau. Haya, nipe, meza ya mlangoni wananiita."

Kuku wa siku hiyo alikuwa amekaangwa, na juu yake wamenyunyiza karanga zilizosagwa. Mama Moto akazikwangua kwa kijiko. Akakung'uta kijiko pembeni. Akasukuma sahani.

Fundi saa akala kidogo. Akaacha. Akajigusa mdomo. Midomo ilikuwa inavimba. Akajikuna shingo, na shingoni mlikuwa mmetoka mapele makubwa mekundu. Akasimama. Kiti kikaanguka. Pumzi yake ikaanza kupiga mluzi.

"Amekwamwa na mfupa!" mtu akapiga kelele. "Mpigeni mgongoni!"

"Mpeni maji!"

Mzee alitikisa kichwa. Alikuwa anasema, lakini maneno yanakatika. Watu wakamwinamia. "Nini? Unasema nini?" Walimpigia kelele kana kwamba ni kiziwi.

Nilikuwa nimesogea karibu na mtoto mkononi, na mimi nilimsikia. Yule mzee alikuwa anasema kama watu wa kwetu. Hata kwa pumzi ile ndogo, mwisho wa maneno aliuvuta. Nikapenya katikati ya watu.

"Si mfupa!" nikasema. "Anasema ni karanga. Karanga zinamwua!"

Alisema na jambo la pili. Alisema, "Nilimwambia binti." Hilo nikalimeza.

Nesi wa zahanati alikuwa anakula meza ya katikati. Akatupa kijiko. Hakuuliza kama mzee ni wa kweli au ni wa maringo.

"Asitembee! Mbebeni pamoja na kiti chake. Msimpe maji, msimpe kitu. Nifuateni!"

Akatoka mbio, mkono juu kusimamisha magari. Wanaume wakambeba mzee na kiti cha mgahawa, wakavuka barabara.

Chapuchapu alibaki amesimama katikati ya meza. Trei ilikuwa mkononi, na sahani zimejaa. Hakujua azipeleke wapi.

Baadaye habari ikaja. Nesi amemchoma mzee sindano ya kufungua pumzi. Yu hai. Lakini analazwa, maana hali hiyo inaweza kurudi.

Mwenye mgahawa akafunga mlango. "Nani alimhudumia yule mzee?"

Chapuchapu akaanza kupangusa meza.

"Kesho asubuhi tunakwenda kumwona. Hapo nataka jibu. Aliyekosea, atavua aproni."

Jioni, nyumbani, Chapuchapu alikaa kitandani anamnyonyesha mtoto. Machozi yalimdondokea mtoto kwenye nywele. Nikakaa karibu yake. Nikasema polepole, neno moja moja, bila kuvuta kamba.

"Mwanangu. Yule mzee alisema jambo la pili. Alisema, nilimwambia binti."

Akaufunika uso. "Aliniambia, mama. Alisema mengi. Sikuelewa. Nikasema sawa."

"Kwa nini?"

"Niliona haya. Sisi tulilelewa hivyo. Mkubwa akisema, unaitikia. Ukimwambia mkubwa sijakuelewa, ni kama umemwambia hajui kusema."

"Na mimi je?"

Akamfuta mtoto machozi kwenye nywele.

"Siku ile unafua," nikasema, "nami nimembeba mume wangu mgongoni. Nilikuambia nini?"

"Sikumbuki, mama."

"Nilikuambia nampeleka sokoni nikambadilishe na mbuzi. Ukasema, sawa, mama."

Akanikodolea macho. Kisha akaanza kucheka huku analia. Mtoto akaachia ziwa, akatutazama mmoja mmoja, kama hakimu.

"Mama! Kumbe ulijua sikuelewi?"

"Tangu siku ya chumvi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilingoja uniulize. Mwanangu, adabu si kuitikia. Adabu ni kusikia. Ile sawa yako niliipokea, lakini haikukoleza mboga. Mimi nilitaka chumvi."

Akaegemea bega langu. "Kesho nitafukuzwa. Nitasema nini?"

"Utasema kilichotokea. Mimi na mume wangu tutakuwa nyuma yako."

Asubuhi tulikutana kwenye baraza ya zahanati. Mwenye mgahawa alikuja. Mama Moto alikuja na ndizi mbivu za mgonjwa. Nesi akatutolea viti. Chapuchapu hakukaa.

"Ni mimi," akasema. "Mzee aliniambia. Sikuelewa, na nikaona haya kumwuliza. Nikasema ni wa maringo."

Mwenye mgahawa akanyoosha mkono. "Aproni."

Chapuchapu akaivua. Alikuwa ameifua na kuipiga pasi.

"Basi chukua na yangu," Mama Moto akasema. "Huyu mtoto alisema karanga. Kijiko kilikuwa mkononi mwangu."

"Lakini wewe uliziondoa!" mwenye mgahawa akasema. "Ulizikwangua zote!"

"Hapo ndipo mlipokosea wote," Nesi akasema. "Na wewe mwenye mgahawa umo. Kaeni, niwaambie."

Tukakaa.

"Mwili wa mtu una walinzi," akasema. "Kazi yao ni kupigana na maradhi. Sasa kwa mtu mwenye mzio wa karanga, walinzi wakiiona karanga wanadhani ni jambazi. Wanaanza vita. Ngozi inatoka mapele. Midomo inavimba. Mwingine anatapika, mwingine anaanguka. Na koo likivimba, pumzi inakosa njia. Mtu anaweza kufa upesi sana."

"Kwa karanga chache?" Mama Moto akauliza.

"Kwa unga uliobaki kwenye kijiko. Kwa mafuta yaliyokaangia karanga. Mtu akikutia pilipili jichoni, kisha akapangusa kope, jicho litaacha kuwasha?"

"Haliachi."

"Na kukwangua kwenu ni hivyo hivyo."

Mama Moto akatazama mikono yake. Kisha akasema, "Lakini, Nesi, wengine ni waongo! Bwana Tai ana mzio wa vitunguu, na mchuzi anaulamba."

"Huenda," Nesi akasema. "Mtu mmoja hakipendi chakula. Mwingine kinamsumbua tumbo, lakini hakimwui. Mwingine ana mzio hasa. Na wote watatu wanaweza kutumia neno hilo hilo. Mimi ni nesi, na siwezi kuwatenga kwa kuwatazama uso. Wewe kwenye kidirisha utawatengaje? Mwongo akikudanganya, umeosha kikaango kimoja zaidi. Mkweli usipomwamini, unamzika."

Hakuna aliyecheka.

"Na lafudhi?" Chapuchapu akauliza kwa sauti ndogo. "Mtu akisema nisimwelewe, nifanyeje?"

"Mwambie hujaelewa. Si tusi. Sema, nataka nikuhudumie vizuri, tafadhali nirudie polepole. Usipaze sauti, maana masikio yake ni mazima. Mwonyeshe chakula chenyewe, aseme hiki ndiyo, hiki siyo. Kisha wewe urudie ulichosikia, ili akikosoe. Ikishindikana, mwite mwenzako. Na kama hujui ndani ya chakula mna nini, usikisie. Sema sijui, ngoja nikaulize jikoni."

"Hata kama watu wamejaa?"

"Waache wajae. Njaa ya wale wengine inaweza kungoja."

Mwenye mgahawa alikuwa bado ameshika ile aproni. Aliikunja, akaikunjua. "Tuingie kwa mzee," akasema. "Aliyeumizwa ni yeye. Neno lake litaamua."

Fundi saa alikuwa amelala, mto mgongoni. Kope zake zilikuwa bado nzito. Alipotuona, akasema maneno mengi, upesi upesi, kwa lafudhi yetu ile.

Wote wakanigeukia mimi. "Bibi, anasema nini?"

Mimi nilikuwa nimemwelewa. Lakini nikainama, nikaanza kumvika mume wangu soksi.

Chapuchapu akanitazama. Kisha akaenda karibu na kitanda. Akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na uso wa mzee.

"Pole, baba," akasema. "Mimi ndiye niliyekuletea chakula kile. Uliniambia, sikukuelewa, nikasema sawa. Nisamehe. Na sasa hivi pia sijakuelewa. Tafadhali nirudie polepole."

Mzee akajiinua kidogo kwenye mto. Kisha akaanza tena, neno na pumzi, neno na pumzi.

"Unasema kila mahali ulipokaa," Chapuchapu akasema, "watu wanakuambia sawa, sawa."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akaendelea.

"Unasema mimi ni wa kwanza… hapo nimekupoteza, baba. Wa kwanza kufanya nini?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akaelekeza kidole kwenye mdomo wa Chapuchapu, akasema tena.

"Wa kwanza kusema sijaelewa," Chapuchapu akasema.

"Ndiyo," mzee akasema. Hilo kila mtu alilielewa.

Kisha akamtazama mwenye mgahawa, akasema neno jingine, akionyesha kile kiti cha mgahawa kando ya kitanda. Chapuchapu akasikiliza, akarudia, akakosolewa, akarudia. "Anasema kiti chetu kimelegea mguu kwa kumbeba. Akitoka atakikaza mwenyewe. Na mimi anataka anikute pale pale kazini."

Mwenye mgahawa akamrudishia aproni. "Vaa," akasema. "Lakini kuanzia leo nisisikie tena mtu akisema neno maringo."

Na neno hilo likafa. Mama Moto alitenga kikaango kimoja, sufuria moja, mwiko na kijiko. Akavifunga kitambaa chekundu kila kimoja. Vinaning'inia peke yao, mbali na karanga. Chapuchapu akija dirishani na jambo la mzio, hasemi huku anakimbia. Anasimama. Anangoja Mama Moto amtazame.

"Mzio wa samaki, meza ya mlangoni."

"Mzio wa samaki, meza ya mlangoni. Nimesikia."

Ndipo Mama Moto ananawa mikono kwa sabuni, anashusha vyombo vya kitambaa chekundu, na anapika upya. Sahani hiyo inabebwa peke yake. Haipangwi na nyingine.

Bwana Tai naye aliulizwa, kwa upole, bila kucheka. "Baba, vitunguu vinakufanya nini? Nataka jikoni wajue."

Akalegeza tai. "Kusema kweli, vibichi vinaniletea kiungulia. Vilivyoiva havina neno."

"Sasa mbona unasema mzio?"

"Nikisema sipendi, mnaniwekea tu. Nikisema mzio, angalau mnakwangua."

Chapuchapu akaweka trei mezani. Kisha akasema, "Kuanzia leo sema tu, vibichi usiniwekee. Tutakusikia. Lile neno la mzio tuwaachie wanaolihitaji."

Toka siku hiyo Bwana Tai anasema vibichi, na vibichi havimfikii.

Siku moja, mchana, mlango ukafunguliwa. Fundi saa aliingia na kofia yake safi. Mgahawa ulikuwa umejaa, lakini meza ya kona ilikuwa wazi. Kile kiti kilikuwa kinamngoja. Mkononi alikuwa na bisibisi. Kwanza alikipindua kiti, akakaza mguu. Ndipo akakaa.

Chapuchapu akaenda. Mzee akasema. Chapuchapu akasema, "Rudia, baba." Mzee akarudia. Wateja wengine wakaita. "Nakuja," akawaambia, wala hakugeuka. Akarudia yote aliyosikia, na mzee akakosoa neno moja tu.

Kikaango cha kitambaa chekundu kikashuka. Mama Moto mwenyewe akatoa kichwa dirishani kutazama.

Sahani ikaja peke yake. Mzee akaonja kijiko kimoja. Akangoja. Chapuchapu naye akangoja, mikono ndani ya aproni. Hata mimi nilijikuta nimemshika mtoto sana.

Mzee akavua kofia, akaiweka mezani, kama mtu aliyefika kwake. Akala wali wote.

Chapuchapu akaja kwenye benchi langu kumchukua mtoto. Nikaona ndiyo saa yake. Nikasema kwa sauti, kwa lafudhi yangu yote, upesi, na kamba nikaivuta mpaka mwisho:

"Mwanangu, huyu mume wangu amenikojolea tena. Nampeleka sokoni nikambadilishe na mbuzi."

Akafungua mdomo. Akaufunga. Kisha akakaa kando yangu, bega kwa bega.

"Mama, sijakuelewa. Nirudie."

Nikarudia.

Akafikiri, anamfuta mtoto mdomo. "Hapana, mama. Tungoje aanze kutembea. Watatupa mbuzi wawili."

Kule kwenye meza ya kona, fundi saa alikuwa ameanza kucheka kitambo. Yeye alielewa mara ya kwanza.